Sifuri Iko Wapi? Namna Mgandamizo wa Maji na Hewa Unavyopimwa

Gari limelala pancha kando ya barabara ya Dar es Salaam. Fundi anachomeka geji kwenye ventili ya tairi, na mshale haunyanyuki: sifuri. Dakika hiyohiyo, barometa ya kituo cha hali ya hewa cha jiji hilo inasoma karibu paskali 101,000. Tairi lililotoboka limejaa hewa ileile ya mtaani, na vyombo vyote viwili ni vizima. Tofauti iko pale ambapo kila kimoja kimeanzia kuhesabu. Geji ya fundi imeanzia kwenye hewa inayotuzunguka, kwa hiyo inatoa ziada tu iliyomo ndani ya tairi. Barometa imeanzia kwenye utupu, mahali pasipo na hewa hata chembe.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima la kupima mgandamizo. Hakuna chombo kinachoweza kuupima peke yake. Kila chombo, kuanzia mrija wa kioo wa karne ya 17 hadi kihisio kidogo kilichomo ndani ya simu, hupambanisha pande mbili na kusema upande mmoja umezidi mwingine kwa kiasi gani. Kwa hiyo tarakimu ya mgandamizo isiyosema sifuri yake iko wapi ni nusu ya habari. Na pakiwa na maji, damu au zebaki, swali la pili huja papo hapo: kipimo kilichukuliwa kwenye kimo gani?

Haya si maneno ya darasani tu. Dereva aliyejaza upepo wa 30, yaani pauni 30 kwa kila inchi ya mraba, akiwa Dar es Salaam, akipanda hadi Mbeya penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, atakuta geji inasoma zaidi ya 32 hata kama tairi halijapata joto wala kuongezwa hewa. Ndani ya tairi hakuna kilichobadilika. Hewa ya nje imepungua nguvu, na kwa kuwa geji huhesabu kuanzia kwenye hewa ya nje, ziada imeonekana kubwa.

Sheria inayotawala maji yaliyotulia ni fupi. Mgandamizo hutegemea kina, uzito wa kimiminika chenyewe na nguvu ya mvutano wa dunia. Umbo la chombo halimo, wala upana wake, wala idadi ya lita. Simon Stevin, mhandisi wa Uholanzi mzaliwa wa Bruges, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1586, na hadi leo watu wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza.

Ushahidi uko juu ya mapaa ya nyumba zetu. Mwenye nyumba akilalamika kwamba maji ya bafuni ghorofani yanadondoka badala ya kumwagika, ushauri wa haraka ni kwamba anunue simtanki kubwa zaidi. Ni ushauri wa hasara. Simtanki la lita 1,000 na la lita 5,000, yakiwa yamejaa hadi kimo kimoja, husukuma maji ya bombani kwa nguvu sawasawa. Maji ya ziada katika tangi pana hubebwa na kitako cha tangi na mnara wake; bomba halisikii chochote. Kinachosaidia ni kuinua. Kila mita moja ya kimo huongeza karibu paskali 9,800, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya mgandamizo wa hewa ya pwani. Tangi lililo mita 3 juu ya bomba la bafuni linatoa paskali 29,400 tu, na ndiyo maana baadhi ya hita za maji za umeme hugoma kuwaka zikifungwa chini ya tangi la namna hiyo.

Ila sheria hii ni ya maji yaliyosimama, na fundi bomba mzuri hukitumia kikomo hicho kuchunguza ugonjwa. Akifunga geji bombani huku koki zote zimefungwa, anasoma kimo cha tangi na si kingine. Akifungua koki, mshale unashuka, kwa sababu maji yanayotembea hupoteza nguvu yakisuguana na bomba jembamba, kona na viungo. Kama geji ilionyesha kiasi kinachostahili wakati maji yametulia na kisha ikaanguka vibaya yalipoanza kutembea, tangi halina kosa. Kosa liko kwenye mabomba, na kuinua mnara ni kutupa fedha.

Mafundi ujenzi nao hutumia maji yaliyotulia kila siku. Kabla ya kupanga tofali za msingi, wawili hushika ncha za mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wameujaza maji, mmoja kona hii na mwenzake kona ile, hata kama kuna rundo la mchanga katikati. Wanangoja maji yaache kucheza, kisha kila mmoja anatia alama ya penseli kwenye kigingi chake. Alama hizo mbili ziko usawa mmoja, kwa kuwa hewa ileile inakandamiza ncha zote mbili. Fundi mwangalifu huukagua mpira mzima kwanza: povu la hewa likikwama ndani, upande mmoja unakuwa na maji machache kuliko mwingine, na msingi unaweza kupanda kwa sentimita kadhaa bila mtu kujua. Mpira huo ndio chombo cha kale na cha kuaminika kuliko vyote vya kupimia tofauti ya mgandamizo. Ncha moja ikifungwa kwenye bomba la gesi na nyingine ikaachwa wazi, kimo ambacho maji yamepishana ndicho jibu.

Sifuri ya pili, ile ya utupu, ilipatikana kwa njia ya visima. Wachimbaji na wahandisi wa Ulaya walikuwa wamegundua kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata iundwe kwa ustadi gani. Galileo alilitaja jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Mwanzoni mwa miaka ya 1640, Gasparo Berti alisimamisha mrija mrefu wa maji kwenye ukuta wa nyumba yake huko Roma, akaona maji yakishuka hadi kimo hichohicho na kuacha nafasi tupu juu. Kisha Evangelista Torricelli akabadili kimiminika. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo mrija wa mita 10 uligeuka kuwa mrija wa chini ya mita 1: zebaki ilisimama kwenye sentimita 76 hivi. Katika barua ya Juni 1644, Torricelli alieleza kwamba sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na kwamba uzito wa bahari hiyo ndio unaoishikilia zebaki isianguke.

Kwa maelezo hayo, pampu haivuti maji kamwe. Inaondoa hewa iliyo juu yake tu, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma yapande. Nguvu ya hewa ikiisha, maji yamefika mwisho. Jambo hili lina bei yake Afrika Mashariki hadi leo. Pwani, kikomo cha pampu iliyowekwa juu ya ardhi ni mita 10 na kidogo. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi zaidi, ni mita 8 na nusu hivi, na kwa vitendo hupungua hata hapo. Ndiyo maana kisima kirefu hakina budi kushushiwa pampu ya kuzama, inayoyasukuma maji kutoka chini.

Blaise Pascal ndiye aliyetaka uthibitisho usio na shaka. Kama zebaki hushikiliwa na uzito wa hewa, alisema, basi mlimani ambako hewa iliyobaki juu ni kidogo, zebaki lazima ishuke. Tarehe 19 Septemba 1648, shemeji yake Florin Périer aliubeba mrija hadi kilele cha Puy de Dôme, mlima wa mita 1,465 katikati ya Ufaransa. Zebaki ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8. Jambo linalostahili sifa zaidi, na ambalo masimulizi mengi hulipita haraka, ni mrija wa pili. Périer aliuacha bondeni katika nyumba ya watawa, na mtu mmoja akakaa akiuangalia tangu asubuhi hadi jioni. Haukutikisika. Bila mrija huo, mtu yeyote angeweza kudai kwamba hali ya hewa ilibadilika siku hiyo. Mwaka 1971 jina la Pascal lilipewa kipimo rasmi cha mgandamizo duniani.

Mirija ya vimiminika ina ubaya mmoja: huvunjika, humwagika, na haipendi kutikiswa. Katikati ya karne ya 19, enzi ya injini za mvuke, vyombo vya chuma vilichukua nafasi. Lucien Vidi alitengeneza mwaka 1844 kijisanduku cha chuma chembamba kilichoondolewa hewa, ambacho hubonyea hewa ya nje ikiongezeka nguvu. Sifuri yake ni utupu uliofungiwa ndani. Miaka mitano baadaye Eugène Bourdon, Mfaransa mwenzake, alipata hataza ya mrija bapa uliokunjwa nusu duara. Mgandamizo wa ndani ukipanda, mrija hujaribu kujinyoosha, ncha yake husogea, na vijigurudumu vya meno huuzungusha mshale. Geji nyingi za mshale kwenye kompresa za upepo, mitungi ya oksijeni na vizima-moto ni mrija wa Bourdon. Nje ya mrija huo, ndani ya kibweta cha geji, kuna hewa ya kawaida tu, kwa hiyo sifuri yake ni hewa ya mahali ilipo.

Chuma nacho huchoka. Mshale uliosoma vizuri mwaka wa kwanza unaweza kudanganya mwaka wa tano, na hakuna dalili ya kuonekana kwa macho. Dawa ni kurudi kwenye msingi: maabara za ugezi, kama zile za mashirika ya viwango ya Tanzania (TBS) na Kenya (KEBS), hulinganisha geji na kifaa chenye pistoni ya eneo linalojulikana na mawe ya uzito unaojulikana. Uzito ukigawanywa kwa eneo ndio mgandamizo wenyewe, bila kuamini chemchemi wala mshale wowote.

Kosa dogo katika kazi hii linaweza kuwa na matokeo makubwa, na historia ya maziwa yetu inalo fundisho. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, baada ya safari kutoka pwani wakiwa na wapagazi na waongozaji, mmojawapo Sidi Mubarak Bombay, walitaka kujua Ziwa Tanganyika liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Njia ya wasafiri wa wakati ule ilikuwa kuchemsha maji. Hewa ikipungua mgandamizo, maji huchemka kwenye joto la chini zaidi, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo pimajoto likawa barometa ya mkoba. Vyombo vyao vizuri vilikuwa vimeharibika njiani. Hesabu iliyopatikana ilikuwa futi 1,800 na ushei, ilhali ziwa liko kwenye futi 2,500 na zaidi, yaani mita 773 hivi. Pimajoto lilikosea kwa chini ya nyuzi 1 tu. Ziwa likashushwa zaidi ya mita 200 kwenye ramani, katika miaka ambayo wanajiografia wa London walikuwa wakibishana vikali kuhusu chanzo cha Mto Nile na ni ziwa lipi linaweza kumwagia maji ziwa lipi. Suala la Tanganyika kumwaga maji kaskazini liliamuliwa kwa macho, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika ncha ya kaskazini na kuona Mto Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka.

Hata Kilimanjaro ilipewa kimo kwa hewa. Makadirio ya enzi ya Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, yaliupa mlima zaidi ya mita 6,000. Mita 5,895 tulizozoea zilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Ndege nazo bado hupima kimo kwa mgandamizo wa hewa, ndiyo maana rubani anayekaribia uwanja wa Jomo Kenyatta hupewa na waongozaji tarakimu ya mgandamizo wa siku hiyo aiweke kwenye chombo chake. Kwa lugha nyepesi, anaambiwa sifuri ya leo iko wapi.

Chombo cha mgandamizo kinachowagusa watu wengi zaidi ni kile kinachofungwa mkononi hospitalini. Historia yake ilianza kikatili. Mwingereza Stephen Hales alichapisha mwaka 1733 maelezo ya jaribio ambalo aliingiza mrija katika mshipa wa farasi jike aliyefungwa chini, akaona damu ikipanda ndani ya kioo zaidi ya futi 8. Mfaransa Poiseuille, mwaka 1828, aliufupisha mrija kwa kutumia zebaki, na tangu hapo presha ya damu huhesabiwa kwa milimita za zebaki. Scipione Riva-Rocci wa Italia alileta mwaka 1896 mfuko wa mpira wa kuzungushia mkono, na Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905 akaonyesha sauti za kusikiliza mfuko unapolegezwa. Damu haitulii, lakini hewa iliyomo mfukoni imetulia, na hiyo ndiyo inayopimwa.

Hapa maswali yetu mawili yanakuwa suala la afya. Sifuri ya presha ni hewa ya chumbani: 120 maana yake ni milimita 120 juu ya hewa. Na kimo chake ni usawa wa moyo. Mkono ukining'inia chini, uzito wa damu yenyewe huongezwa kwenye hesabu, karibu milimita 8 kwa kila sentimita 10. Mtu mwenye 132, akipimwa mkono ukiwa sentimita 15 chini ya moyo, ataandikiwa 144, na 140 ndipo madaktari wengi wanapoanza kuzungumzia ugonjwa. Anaweza kuanzishiwa vidonge kwa sababu ya meza iliyokosekana. Katika kliniki zenye foleni ndefu kosa hili hufanyika kila siku, na linastahili kukemewa zaidi ya linavyokemewa, kwa kuwa kulirekebisha hakuhitaji fedha wala mashine mpya. Kuuegemeza mkono tu kunatosha.

Twiga anaionyesha sheria hiyohiyo kwa ukali zaidi. Ubongo wake uko mita 2 hivi juu ya moyo, na safu ya damu ya kimo hicho ni milimita 150 na zaidi za zebaki kabla damu haijafanya kazi yoyote. Moyo wake hulazimika kusukuma kwa takriban mara mbili ya presha ya binadamu.

Zebaki yenyewe inaondoka. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipimajoto na vipima presha vya zebaki, isipokuwa kwa nchi zilizoomba muda zaidi. Ni uamuzi wa haki, kwa maana zebaki ni sumu. Milimita zake zimebaki kwenye kadi za wagonjwa.

Lakini mahali ambapo kipimo cha mgandamizo kimebeba maisha ya watu wengi kuliko kwingine kote katika ukanda huu ni Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda. Ziwa hili lina kina cha mita 485, na kitakoni mgandamizo ni karibu mara 48 ya ule wa hewa ya pwani. Chini kabisa zimeyeyuka gesi nyingi mno: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikihesabiwa kwa ujazo ambao zingekuwa nao hapa juu. Watu wa Goma wanaijua kaboni dioksidi kwa jina la mazuku, hewa ya mauti inayotuama mabondeni na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto.

Gesi iliyoyeyuka ina mgandamizo wake, unaoitaka itoke. Uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoizuia. Mgandamizo wa gesi ukifikia ule wa maji, mapovu huanza. Mapovu yakipanda huyabeba maji, maji yaliyopanda huwa na uzito mdogo juu yake, na gesi zaidi huachiliwa. Ndivyo ilivyotokea Ziwa Nyos nchini Kamerun usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, wingu la kaboni dioksidi lilipotelemka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Nyos ni ziwa dogo. Kandokando ya Kivu wanaishi watu takriban milioni 2.

Kwa hiyo swali la usalama linageuka kuwa la kupima tofauti ya pande mbili, gesi dhidi ya maji. Kifaa hushushwa kwa kebo. Kihisio kimoja hugusa maji moja kwa moja na kusoma uzito wake. Kingine kimefunikwa kwa utando unaopitisha gesi na kuzuia maji, kwa hiyo husoma mgandamizo wa gesi peke yake. Vipimo vimeonyesha kwamba hata pale gesi ilipobana zaidi, mgandamizo wake umefika zaidi kidogo ya nusu ya ule wa maji. Utafiti wa mwaka 2005 ulizua hofu kwamba methani inaongezeka kwa kasi na kwamba kiwango cha hatari kingeweza kufikiwa ndani ya karne hii. Mwaka 2018 makundi ya watafiti yalipima ziwa hilo kwa njia tofauti na kulinganisha majibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalisema gesi haijaongezeka kwa kiwango cha kutia hofu. Tofauti na tarakimu za zamani ilihusu zaidi namna ya kupima kuliko ziwa lenyewe. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na magma ikapenya chini ya ziwa, mamia ya maelfu ya watu wa Goma waliambiwa wahame. Ziwa lilitulia.

Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukizalisha megawati 26 tangu mwaka 2016. Huvuta maji kutoka kina cha mita 350 hivi, na yanapopanda bombani, mgandamizo ukipungua, gesi hujitoa yenyewe. Methani huoshwa na kupelekwa kwenye injini, na maji yaliyobaki hurudishwa ziwani. Kina cha kuyarudishia ndicho ambacho wataalamu wamekibishania zaidi: yakirudishwa chini sana huizimua akiba ya gesi, na yakirudishwa juu sana hupeleka chumvi na virutubisho kwenye maji ya samaki na kuyavuruga matabaka mazito yaliyoifungia gesi kule chini.